Kuku Ana Feni, Mimi Sina

Hivi nani alichora zile alama za oveni? Namtafuta. Sina ugomvi naye mkubwa. Nataka tu anieleze, kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi, ile theluji maana yake nini.

Jiko letu lina swichi ya kuzungusha. Pembeni ya swichi kuna vimichoro. Kistari juu. Kistari chini. Vistari viwili. Feni. Kitaa. Halafu kuna kimoja cha theluji, na chini yake tone la maji. Sasa mtu na akili zako timamu, unaishi Tabata, theluji umeiona kwenye kalenda yenye picha ya Kilimanjaro pale kinyozi, ukikutana nayo jikoni kwako utafikiria nini? Theluji, tone. Barafu inageuka maji. Na barafu inageuzwa maji na nini? Na moto! Mtoto wa chekechea anajua hilo. Oveni ni kitu cha moto. Mimi nimelipia moto. Kwa mkopo.

Kumbe pale hakuna moto. Kuna feni.

Ngoja nikupe mkasa. Kaa hapo kwenye benchi, ila chai agiza kwa jina lako.

Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Korogwe, Jumamosi. Usiku wa Ijumaa mama watoto kanipitia sebuleni, mpira uko dakika za lala salama, kasema kitu. Nikaitikia "sawa". Mwanaume aliyekaa kwenye ndoa anaitikia sawa hata akiwa usingizini, ni kinga. Asubuhi yeye huyo kaenda kwenye kikoba, huku nyuma kaniachia ujumbe: "Kuku uliyemtoa jana ndiye mboga ya mama. Mpwa wako anakuja kusaidia kupika."

Kuku niliyemtoa. Jana.

Nikaenda kwenye friza na bukta yangu, nikamkuta kuku yupo pale pale, kati ya barafu za kuuza na kifurushi cha vibua. Kaganda hasa. Nikamgonga kwenye sinki, sinki ndilo lililolia.

Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sisi ndiyo tunatoka Segera hapa."

Segera! Nikapiga hesabu. Segera mpaka Chalinze, Chalinze mpaka Mbezi, Mbezi mpaka kwangu na mabegi na mkungu wa ndizi. Muda upo, lakini si wa kuchezea. Nikamtazama kuku. Kuku hanitazami, kichwa chake kilibaki kiwandani. Nikaikumbuka theluji.

Nikamweka ndani, nikazungusha swichi mpaka kwenye mchoro. Taa ikawaka. Vuuuuum. Nikajisifu, nikavuta kistuli nikakaa mbele ya kioo. Nilikaa pale namwangalia kuku chini ya taa, peke yake jukwaani, hafanyi lolote, na mimi siondoki.

Baadaye kidogo nikatia mkono. Ndani ya oveni ni baridi! Kuku kalowa juu, katikati bado jiwe. Nikafunga. Nikasubiri. Nikatia mkono tena. Baridi ile ile. Nikasema tayari, nimeuziwa kimeo. Nikampigia fundi.

Fundi kaja na bodaboda. Hajashuka vizuri kanitajia bei, sh 10,000, nauli na ya kuangalia. Nikatoa. Kaingia jikoni, kainama, kaangalia swichi. Kufungua hakufungua kitu. Hata bisibisi hakuishika. Kasimama.

"Bosi, umeweka difrosti."

"Ndiyo. Haipati moto."

"Difrosti haina moto, bosi. Hapo koili zote zimezimwa. Inazunguka feni tu. Inachukua hewa ya jikoni inampulizia kuku."

"Hewa ya jikoni ipi?"

"Hii hii unayovuta."

Akanieleza, maana alishachukua hela yangu na alikuwa na huruma kidogo. Kitu kilichoganda kinajizungushia hewa ya baridi, kinakaa nayo. Ukikiacha kwenye sinki ile baridi inabaki pale pale inakilinda. Feni inaifukuza, inaleta hewa nyingine, basi barafu inaachia mapema zaidi. Zipo oveni nyingine, anasema, zinatia na kijoto kidogo. Nikamuuliza kama yangu imo kwenye hizo nyingine. Akacheka. Nikaomba anirudishie angalau nusu, maana hajatengeneza chochote. Akasema ushauri nao ni kazi.

Sasa naomba unisikilize vizuri hapa. Feni ya sebuleni kwangu imekufa. Imekufa zamani. Joto lote la Januari na Februari sisi tunajipepea kwa kipande cha boksi, tena kwa zamu. Kumbe muda wote huo ndani ya nyumba hiyo hiyo kulikuwa na feni nzima, mpya, inayozunguka vizuri, na ilifungwa humo kwa ajili ya kuku. Marehemu! Anapepewa! Mimi niliye hai najifuta jasho kwa shati.

Ndipo mpwa wangu akaingia.

Huyu binti anasoma afya ya mazingira, mwaka wa pili. Kesho na keshokutwa ndiye bibi afya wa kufungia watu migahawa. Mazoezi anafanyia kwangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Usianze."

Akaanza. Kachungulia oveni, kauliza kuku ameingia saa ngapi, kaangalia saa ya ukutani. Halafu kauliza kitabu cha maelekezo kiko wapi. Kitabu kiko chini ya mguu wa meza, ndipo kinapofanya kazi. Akakichomoa, meza ikalala upande, vikombe vikasogea. Kina Kijerumani, kina Kifaransa, kina Kiarabu, na lugha moja ambayo herufi zake zimeangalia nyuma. Kiswahili hakimo. Kiswahili kina siku yake ya dunia nzima, Julai 7, UNESCO wenyewe waliitangaza mwaka 2021, lakini ndani ya boksi la oveni hakijafika. Akaupata ukurasa wa Kiingereza, akasoma kimoyomoyo huku anatikisa kichwa. Mtu akisoma kitu chako huku anatikisa kichwa, roho inakuuma hata kabla hujaambiwa.

"Mjomba, hii wanasema ni ya keki za krimu, mikate, matunda. Vitu laini. Nyama na kuku ni vipande vidogo tu, juu ya waya, trei chini ya kukinga maji, na ukitoa unapika hapo hapo. Kuku mzima hapana."

"Basi nimuwekee moto mdogo. Nyuzi hamsini hivi. Apate joto taratibu."

Binti alishika kichwa. Kwa mikono miwili. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akimshikia mtu mzima kichwa namna ile.

Ikaja mhadhara. Kuna kitu kinaitwa ukanda wa hatari. Kuanzia nyuzi 5 mpaka 60. Humo ndimo bakteria wanastarehe. Na usidhani friza imewaua, friza haiui wadudu hao wala nini. Wamelala tu, kama mlinzi wa geti letu. Baridi ikipungua wanaamka, na hao wakiamka wanazaana. Mahali pakiwapendeza, kila baada ya dakika 20 wanakuwa mara mbili. Binti kachukua kalamu ya mtoto kanichorea nyuma ya kitabu. Mdudu mmoja, saa nne baadaye, ni 4,096. Umati mkubwa kuliko harusi yangu, na hakuna hata mmoja aliyechanga.

"Sasa ukimwekea nyuzi 50, mjomba, juu unawafungulia ukumbi, ndani bado barafu."

"Lakini si nitampika? Watakufa."

"Wao watakufa. Ila wapo wanaoacha sumu. Staphylococcus kwa mfano, ile sumu yake haifi kwa kupikwa."

Nikanyamaza. Lakini yeye hajamaliza, watoto wa chuo hawamalizi. Kanuni, anasema, nyama mbichi isikae kwenye ukanda huo zaidi ya saa mbili. Na kama hewa imezidi nyuzi 32, saa moja tu. Halafu kanyanyua macho kaangalia lile bati letu, kaangalia dirisha, kaangalia jasho langu. Hakusema kitu. Nikaelewa. Feni ya Ulaya inapuliza hewa ya Ulaya. Ya kwangu inampulizia kuku hewa ya Tabata saa tano asubuhi. Tena fikiria: nyuzi 5 mpaka 60, maana yake jiko langu lote limo kwenye ukanda wa hatari. Na chumba cha kulala kimo. Nimelipa kodi miaka yote hii kwenye ukanda wa hatari na mwenye nyumba hajapunguza hata shilingi.

"Bahati yako hajafikisha saa moja," akasema, akamtoa.

Hapo nikafanya kosa la kutaka kuongea. Nikamwambia mbona samaki huwa tunawaacha kwenye sinki asubuhi tukirudi jioni tunakaanga, na tuko hai. Akauliza samaki gani. Nikasema vibua, siku nyingine jodari. Alichosema hapo bado kinanitesa. Samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini. Ukikaanga haitoki, ukichemsha haitoki, ukirudisha kwenye friza haitoki. Ukila unawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio.

Sasa mimi niliwahi kula jodari nikawashwa uso mzima. Nikajua nimerogwa. Na aliyeniroga nikamjua, ni jirani wa mlango wa pili, maana alikuwa ameniangalia vibaya asubuhi ile. Nikamnunia. Nimemnunia mpaka leo, msiba wao sikwenda. Nitaanzaje kumsalimia? Nitamwambia nini, histamini?

Simu. "Baba, tunaitafuta Chalinze, hapa tunanunua mihogo."

"Tufanyeje?" nikamuuliza binti. Njia sahihi anazo, tena anazo kwa mpangilio. Ya kwanza kumtoa kwenye friza kumshusha kwenye friji ya kawaida, kwenye bakuli lenye kingo, rafu ya chini kabisa asije akadondoshea matunda na mtindi majimaji yake. Kuku wa kilo mbili anaomba kama siku nzima. Siku nzima! Yaani kuku anataka miadi. Mimi mwenyewe sijui Jumatano nitakula nini, kuku wa Jumatano anataka nimpe taarifa Jumanne. Ya pili ni maikrowevu, kisha unapika pale pale. Maikrowevu yetu ni kabati la mkate, ilikufa kabla ya feni. Ya tatu ni maji baridi. Kuku ndani ya mfuko usiovuja, azamishwe, na maji yabadilishwe kila nusu saa.

Mfuko usiovuja. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na ule wake aliokuja nao nilishauchana mwenyewe wakati namwingiza kwenye feni. Nikaupata mfuko mbadala, wa kijani, wenye mikono. Ule mfuko unapitisha maji, unapitisha hewa, unapitisha na maharage. Tukaishia kumfunga na mfuko wa unga tuliouosha, na kamba ya kiatu changu cha kazini.

Na maji ya kubadilisha kila nusu saa yanatoka wapi? Kwa muuza maji, kwa dumu. Kijana wa toroli aliposikia nataka madumu mengine akauliza, "Braza, mna msiba?" Nikamwambia naogesha kuku. Kaenda kuusimulia mtaa mzima.

Bado nikawa napangiwa miiko. Nilitaka nimsuuze kuku bombani na ndimu kama tulivyolelewa, nikakatazwa: maji yanaruka, yanabeba wadudu mpaka kwenye vyombo na kachumbari, na moto ndio utakaowaua, si bomba. Nikauliza haya majimaji mekundu, damu, niyamwage wapi. Si damu, mjomba. Ni maji ya nyama na ile rangi yake. Friza za nyumbani zinagandisha polepole, barafu inajenga vipande vikubwa vyenye ncha, vinatoboa nyama kutoka ndani, ikiyeyuka inavuja. Kiwandani wanagandisha haraka, vipande vinakuwa vidogo. Kumbe kuna Mmarekani, Clarence Birdseye, miaka ya 1910 alikuwa Labrador, huko kwenye barafu za kaskazini, akawaona Wainuit samaki wao wanaganda papo hapo wakitolewa majini, na wakija kuliwa ni watamu vile vile. Karudi kwao, miaka ya 1920 katengeneza mashine ya kugandisha haraka, katajirika. Sawa. Hongera zake. Alifikiria kugandisha, kugandua akatuachia sisi.

Mama mkwe alifika wakati wa maji ya mwisho. Hakupiga simu Mbezi, kaja na teksi. Na mkwe mwanaume hapaswi kukutwa na mama mkwe wake katika hali ile. Nilikuwa uani. Nimechuchumaa. Bukta. Kifua wazi. Mikono imezama kwenye beseni mpaka kwenye viwiko, namshikilia kuku asiibuke. Nikataka kusimama kwa heshima, kuku akaibuka. Nikarudi chini.

"Shikamoo mama."

Kaniangalia. Kaangalia beseni. Kaangalia kamba ya kiatu.

"Marahaba baba. Nyie Dar kuku mnawaogesha?"

"Ameganda, mama."

"Kwetu kuku anakimbizwa," akasema, akapita ndani na mkungu wake.

Binti akaja, akambonyeza kuku kwenye paja, akasema katikati bado kidogo lakini haina shida, mtie kwenye sufuria. Nikamwambia si tusubiri aachie? Akasema, mjomba, kuku hata akiwa ameganda kabisa unaweza kumchemsha hivyo hivyo, ila muda unaongezeka kama nusu ya ule wa kawaida, na uhakikishe ameiva mpaka ndani, nyuzi 74 kwenye mnofu mnene.

Hivyo hivyo. Ameganda kabisa.

Nilimuuliza kwa sauti ya upole, maana mama mkwe alikuwa anasikia, kwa nini hakusema hivyo wakati fundi anaondoka na 10,000 yangu, na kijana wa toroli anaondoka na heshima yangu. Akasema, "Hukuuliza, mjomba. Uliuliza namna ya kumgandua."

Kuku akachemshwa, akaiva, nazi ikaingia, mama watoto karudi kakuta harufu nzuri, kasifiwa yeye. Tukakaa mkekani. Mama mkwe mwenyewe, mtu wa mila, kasema firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Nikainamisha kichwa kwa adabu. Siku nzima, kitu pekee kilichokuwa kinanibakiza hai ni ile firigisi. Binti akaenda kuitafuta kwenye sufuria, akatumbukiza mwiko ndani ya kuku, akatoa kifuko cha nailoni. Kimejikunja, kimenyauka, kimeshikana na firigisi na ini. Wale wa kiwandani huwa wanazifunga humo na kuzirudisha tumboni, unatakiwa uzitoe kabla ya kupika. Mimi niliyemshika kuku yule kwa mikono yangu toka asubuhi, tumboni kwake sikufika, kulikuwa na barafu.

"Plastiki imeyeyukia humu. Haifai kuliwa," bibi afya mtarajiwa akatoa hukumu. Firigisi ikaenda kwenye ndoo ya taka mbele ya macho yangu. Nyama yenyewe ya pale kifuko kilipogusa nayo akaikata akaitupa. Mimi nikapewa shingo. Nilisema mwanzo kwamba kichwa kilibaki kiwandani. Shingo sijui ilikuwaje ikaja.

Basi theluji ipo pale kwenye swichi, mpya kabisa, mchoro haujafutika hata kidogo. Kitabu kimerudi chini ya meza na kinasisitiza kwamba inafaa sana kwa keki ya krimu iliyogandishwa. Keki mimi nakutana nayo kwenye harusi za watu, kipande cha kuchomwa kwenye kijiti, nalishwa na bibi harusi halafu nakwenda kukaa. Kwa hiyo natangaza rasmi: msomaji yeyote mwenye keki iliyoganda aje nayo. Oveni ipo, feni inazunguka. Ila uniti za LUKU aje nazo mwenyewe.